Hesabu ya Jamaa: Maisha ya Luteni Ralph Clark katika Koloni la Wafungwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi)



Katibu alipotutaka tuzungumze jioni hii alitupa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote, isipokuwa habari za mishahara, kwa kuwa habari hizo zilianzwa katika mkutano uliopita na taa ikazimika kabla hazijafika mwisho wake. Tumetii amri. Tumechagua habari za mtumishi wa serikali wa zamani sana, ambaye hakuwa karani bali askari, wala hakuwa mtu wa nchi zetu. Walakini alihamishwa mbali na nyumbani kama wengi wetu tulivyohamishwa, akapewa ghala la serikali kulitunza, na kila siku alikuwa na kalamu mkononi. Kwa hiyo tunadhani kwamba ninyi mtamwelewa upesi kuliko watu wengine.

Mtu huyo ni Luteni Ralph Clark, askari wa manowari za Uingereza, aliyekuwa mmoja wa walinzi wa koloni la kwanza la wafungwa katika Australia.

Yafaa kwanza tueleze koloni lenyewe. Katika siku zile sheria za Uingereza zilikuwa kali mno. Mtu aliyeiba nguo au kondoo aliweza kunyongwa, au kuhamishwa ng'ambo kwa miaka 7, au miaka 14, au maisha yake yote. Wengi walipelekwa Amerika kufanya kazi mashambani, lakini Waamerika walipopigana na Waingereza wakajitawala, mlango huo ulifungwa. Magereza yakajaa. Merikebu kuukuu zilizotia nanga mitoni zikafanywa magereza, nazo pia zikajaa. Ndipo katika mwaka 1786 serikali ilipokata shauri kuwapeleka wafungwa pwani ya mashariki ya Australia, ambayo Kapteni James Cook aliipitia katika mwaka 1770. Nchi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe tangu zamani zisizohesabika, nao hawakuulizwa neno.

Tarehe 13 Mei 1787 merikebu 11 zilitoka Portsmouth chini ya Gavana Arthur Phillip. Ndani yake walikuwamo wafungwa zaidi ya 700, wanaume na wanawake. Askari wa manowari waliowalinda walikuwa zaidi ya 200, na mkuu wao alikuwa Meja Robert Ross. Safari ilichukua miezi 8. Walipita Tenerife, wakapita Rio de Janeiro, wakapita Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, na tarehe 26 Januari 1788 wakatua mahali palipoitwa Sydney Cove. Huo ndio mwanzo wa mji wa Sydney.

Clark alikuwa mzaliwa wa Edinburgh katika Uskoti. Katika mwaka 1784 alimwoa Betsey Alicia Trevan, na mwaka wa pili wakapata mtoto wa kiume, akaitwa Ralph kama baba yake. Safari ilipotangazwa Clark alijitolea mwenyewe kwenda, akitumaini kupanda cheo. Ndugu wanachama, hakuna hata mmoja hapa ambaye hajui tumaini hilo lilivyo. Mtu hupelekwa mbali, akajiambia moyoni kwamba ni kwa miaka michache tu, kisha atarudi na cheo kikubwa na fedha kidogo, na jamaa zake watafaidi. Clark alijiambia hivyo hivyo.

Baadhi ya askari wa kawaida waliruhusiwa kwenda na wake zao, lakini maafisa wa safari ile hawakuruhusiwa. Basi Betsey na mtoto asiyetimiza miaka miwili wakabaki Uingereza, na Luteni akaingia katika merikebu iitwayo Friendship. Alichukua picha ya mkewe, na daftari lake la kila siku.

Daftari hilo halikupotea. Limehifadhiwa mpaka leo katika maktaba kubwa ya Sydney, na katika miaka iliyofuata lilipigwa chapa, na wenye kusoma wakalisoma. Ni daftari la mtu mwenye majonzi. Clark aliibusu ile picha ya mkewe, na jambo hilo pia akaliandika. Alipoota ndoto za Betsey aliziandika, na ndoto zikiwa mbaya alisumbuka mchana kutwa. Alipofika nchi mpya alikusanya vipepeo na wadudu ili ampelekee mkewe. Tukisoma kurasa hizo tu, tutasema kwamba haijapata kuwako nyumba yenye mapenzi zaidi.

Lakini katika kurasa zizo hizo ziko habari za wanawake wafungwa waliokuwamo katika merikebu yake, na hapo kalamu inageuka kuwa kali. Huwataja kwa matusi ambayo hayafai kusomwa mbele ya mkutano huu. Mmoja wao alipochapwa mijeledi, Luteni alifurahi. Walipofika Rasi ya Tumaini Jema wanawake waliondolewa katika Friendship wakagawanywa katika merikebu nyingine, ili kondoo wapate nafasi. Clark aliandika kwamba kondoo watakuwa wenzi wema wa safari kuliko wanawake wale. Tuyakumbuke maneno hayo, maana tutayarudia.

Maisha ya askari katika koloni hilo yalikuwaje? Kwanza yalikuwa maisha ya posho. Nchi mpya haikuwa na soko wala duka wala shamba lililokwisha kulimwa, na kila kitu kilitoka katika ghala la serikali. Posho ya mwanamume kwa juma moja ilikuwa ratili 7 za mkate, na ratili 7 za nyama ya ng'ombe ya chumvi au ratili 4 za nyama ya nguruwe, pamoja na dengu na siagi kidogo. Posho ya mwanamke ilikuwa theluthi mbili ya hiyo. Askari na mfungwa walipimiwa kwa kipimo kimoja, tofauti yao ikiwa kileo tu, ambacho askari alipewa na mfungwa hakupewa. Askari walinung'unika sana kwa jambo hilo. Waliona kwamba mlinzi na mlindwa wakila sahani moja, heshima ya ulinzi imekwisha.

Njaa ilipozidi, ghala likawa mahali pa majaribu. Katika Machi 1789 mtunza ghala alikuta kipande cha ufunguo kimevunjika ndani ya kufuli. Ufunguo ukachunguzwa, mwenyewe akajulikana, naye akawataja wenzake ili aokoe roho yake. Ikaonekana kwamba askari saba walikuwa wamepatana tangu miezi mingi: kila mmoja wao alipokuwa katika zamu ya kulinda ghala, wenzake waliingia wakaiba. Sita walinyongwa tarehe 27 Machi 1789 mbele ya wenzao. Hawakuwa wafungwa. Walikuwa walinzi. Kwa sisi tunaoshika funguo za serikali, habari hiyo haihitaji mafafanuzi.

Luteni Clark alitafuta njia nyingine ya kushiba. Katika bandari kiko kisiwa kidogo, naye akalima humo bustani ya mboga. Mpaka leo kisiwa kinaitwa Clark Island. Lakini bahari haikuwa ukuta wa kutosha, na wenye njaa walivuka kwa mashua wakaiba mboga zake. Mwenye kisiwa kilichobeba jina lake hakula mavuno yake.

Sasa tufike kwenye habari moja ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzuri kuliko zote katika daftari hilo. Wenyeji wa nchi walikuwa wamepatwa na msiba mkubwa. Katika mwaka 1789 ndui iliingia miongoni mwao, ikawaua wengi hata maiti zikaonekana katika mapango na fukwe za bandari. Na Gavana, kwa kutaka kujua lugha yao, alikuwa ameamuru watu wakamatwe kwa nguvu wakae naye. Katika Februari 1790 Clark alipanda mto kwa mashua akakutana na wenyeji wawili ambao majina yao aliyaandika kuwa Dourrawan na Tirriwan. Walikuwa na watoto wao wadogo. Wakaongea kwa ishara, wakabadilishana vitu. Dourrawan aliipenda sana kofia ya Luteni. Basi Clark, kwa kumjaribu, akamwonyesha kwamba atampa kofia hiyo kama Dourrawan atampa mtoto. Dourrawan akakataa kabisa. Kofia aliitaka, lakini si kwa bei hiyo. Clark aliandika kwamba kwa jambo hilo alimpenda mtu yule. Aliandika tena kwamba angaliweza kuwakamata wote wawili akawapeleka kwa Gavana, lakini aliona ni hiana kuwatenda hivyo watu waliomwamini. Akawaacha waende zao.

Ndugu zetu, tumsifu Clark hapo. Alijua baba ni nini alipomwona kwa mtu mwingine. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa hajamwona mwanawe karibu miaka mitatu.

Mwezi uliofuata akahamishwa tena. Chakula cha Sydney kilikuwa kikiisha, na Gavana akaona heri awagawanye watu. Kundi kubwa la askari na wafungwa likapelekwa kisiwa cha Norfolk, mbali katika bahari ya mashariki, katika merikebu mbili, Sirius na Supply. Clark alikuwa miongoni mwao. Tarehe 19 Machi 1790 Sirius ikapanda mwamba mbele ya kisiwa ikavunjika. Hakufa mtu, lakini akiba nyingi iliharibika, na watu zaidi ya 400 wakajikuta katika kisiwa kidogo wasijue merikebu nyingine itakuja lini. Meja Ross akatangaza sheria ya vita. Clark akafanywa mtunza ghala la serikali kisiwani.

Hapo ndipo Mungu alipowapa riziki wasiyoitazamia. Juu ya mlima uitwao Mount Pitt walishuka ndege wa bahari, nao hutaga mayai yao katika mashimo ardhini, wala hawamwogopi mtu. Watu walipanda mlima usiku kwa mienge wakawakamata kwa mikono. Luteni Clark, mtunza ghala, aliwahesabu ndege walioletwa, siku kwa siku, kama mtunza ghala mwema apasavyo. Kati ya Aprili na Julai 1790 hesabu yake ilipita ndege 170,000. Watu wakaishi. Ndege hao wakapungua mwaka kwa mwaka, na haikupita miaka mingi kabla hawajatoweka kabisa katika kisiwa kile. Lakini hesabu yao ingaliko, maana iliandikwa.

Twawaomba sasa mtege masikio. Katika kisiwa hicho alikuwako mwanamke mfungwa jina lake Mary Branham. Alikuwa msichana mtumishi wa nyumbani mjini London. Katika Desemba 1784 alihukumiwa miaka 7 kwa kuiba nguo, akaletwa Australia katika merikebu iitwayo Lady Penrhyn. Katika Julai 1791 alizaa binti. Baba wa mtoto huyo alikuwa Luteni Ralph Clark, yule aliyesema kwamba kondoo ni wenzi wema kuliko wanawake wafungwa.

Tutafuteni habari hiyo katika daftari. Mwezi ule alikuwa bado akiandika. Aliandika hali ya hewa, akaandika kazi za mashamba, akaandika adhabu zilizotolewa na mijeledi mingapi. Habari ya kuzaliwa kwa binti yake hakuiandika. Mtu aliyehesabu ndege zaidi ya 170,000 hakupata mstari mmoja wa kumwandika mtoto mmoja.

Tunalijua jina la mtoto huyo kwa sababu karani mwingine, yaani kasisi wa koloni, alikuwa na kitabu chake. Katika Desemba 1791 Clark na askari wenzake walirudishwa Sydney ili wapande merikebu ya kurudi Uingereza. Mary naye alirudi na mtoto wake. Mwezi huo mtoto akabatizwa huko Sydney. Akaitwa Alicia. Nanyi mnakumbuka kwamba mke wa Luteni kule Uingereza aliitwa Betsey Alicia.

Hatutaki kumwingilia mtu moyoni mwake, maana mambo ya moyo yanajulikana na Muumba peke yake. Lakini hilo jina linasema. Mtu hampi mtoto jina la mkewe kwa bahati tu. Pengine ilikuwa njia yake ya kukiri kile ambacho kalamu yake ilikataa kukiri. Kama ndivyo, lilikuwa jambo dogo sana kuliko lililompasa, maana siku chache baada ya ubatizo Clark alipanda Gorgon akatweka kwenda kwao. Kifungo cha Mary cha miaka 7 kilikuwa kikimalizika mwezi ule ule. Akabaki huru, mikononi ana mtoto wa miezi 5, baba wa mtoto akiwa juu ya bahari.

Tusidhani kwamba kila askari alitenda hivyo. Serikali iliwapa askari hiari ya kubaki wakapewa ardhi, na wako waliobaki kwa sababu walikwisha kupata wanawake na watoto katika nchi ile. Hao walikuwa askari wa kawaida wasio na cheo, na wengine wao wake zao walikuwa wafungwa. Wakalima, wakazaa, na wajukuu wao wamejaa Australia mpaka leo. Hata mfungwa aliyemaliza kifungo alipewa kwa kanuni ekari 30, na ekari 20 zaidi kama ana mke, na ekari 10 kwa kila mtoto. Tazameni basi: katika kugawa ardhi serikali ilimwona mtoto wa mfungwa, ikamhesabia ekari zake. Mtoto wa afisa aliyepanda Gorgon hakuhesabiwa na baba yake.

Katika safari ya kurudi lilitokea jambo ambalo linaumiza zaidi ukilisoma. Walipofika Rasi ya Tumaini Jema walipakiwa wafungwa waliotoroka Sydney. Mmoja wao alikuwa Mary Bryant, mwanamke shujaa. Katika Machi 1791 yeye, mumewe, watoto wao wawili na wanaume wengine saba walitoroka kwa mashua ya kuvulia samaki, wakasafiri siku 69 mpaka Timor. Huko wakagunduliwa wakakamatwa. Mumewe na mtoto wake wa kiume wakafa Batavia. Akabaki na binti mmoja, Charlotte. Joto lilikuwa kali katika Gorgon, na watoto wa askari walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Katika Mei 1792 Charlotte naye akafa, na mwili wake ukatoswa baharini. Aliyeandika habari hiyo ni Luteni Clark. Kifo cha mtoto wa mwanamke mfungwa mgeni kwake alikiandika, pamoja na saa yake. Huenda wakati alipokuwa akiandika alimfikiri mtoto mwingine wa mwanamke mwingine mfungwa. Daftari halisemi.

Katika Juni 1792 Gorgon ilitia nanga Portsmouth. Clark akamwona tena Betsey wake, na mwanawe aliyekwisha kuwa kijana wa miaka 6. Tungependa kuishia hapo, lakini habari haiishii hapo. Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya Uingereza na Ufaransa, na askari wa manowari akaitwa tena. Katika mwaka 1794 Betsey alikufa katika uzazi, na mtoto aliyemzaa hakuwa hai. Mwaka huo huo Clark aliuawa vitani upande wa Haiti. Na mwanawe Ralph, aliyekuwa amekwisha kutiwa katika kazi ya manowari angali mtoto wa miaka 8, alikufa kwa homa ya manjano katika bahari zile zile, mwaka ule ule.

Basi katika mwaka mmoja jamaa yote iliyoandikwa katika daftari ilikwisha: mke, mwana, na mwenye daftari. Ile picha iliyobusiwa haikuwa na mtu tena wa kuibusu. Katika mwaka 1792, Clark aliporudi, kama angaliulizwa jamaa zake ni akina nani, angalijibu bila kusita: Betsey na Ralph. Naye angalikuwa ameacha nje ya jibu lake mtoto wake aliyemwacha ng'ambo ya dunia.

Mabwana, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani tunaipenda sana methali hiyo, na tumezoea kuwaambia wenye maduka. Lakini tuliposoma daftari la Clark tuliona kwamba methali ina upande wa pili. Mtu aweza kuwa na daftari zuri, lenye tarehe na hesabu, lisilo na kosa hata moja katika yale yaliyoandikwa, na bado likawa daftari la uongo kwa sababu ya yale yaliyoachwa. Mkaguzi wa hesabu hulikagua ghala kwa kulinganisha kilichoandikwa na kilichomo. Nani atakagua daftari la moyo wa mtu, ila yeye mwenyewe?

Wala tusimhukumu Clark kana kwamba sisi tumesimama mahali pa juu. Kazi ya kuhamishwa ina hila yake. Mtu anapokaa mbali miaka mingi huanza kuona kwamba ana maisha mawili: moja la nyumbani, ambalo ndilo la kweli na ambalo humwandikia barua, na jingine la kituoni, ambalo ni la kupita tu, na kwa hiyo halina hesabu. Clark aliishi hivyo. Nyumbani alikuwa mume asiye na mfano. Kituoni alikuwa mtu mwingine. Lakini mtoto hajui kwamba amezaliwa katika maisha ya kupita. Kwake yeye hayo ndiyo maisha. Na waliosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hawakusema kwamba kazi hiyo inakoma mtu akihamishwa.

Katika miaka yetu ya kazi tumepata kuona jambo la namna hii kwa macho yetu. Mwenzetu mmoja alifariki akiwa kazini. Jina lake na kituo chake tunaviacha. Alikuwa karani hodari, na majalada yake yalikuwa mfano kwa vijana. Jalada lake mwenyewe lilipofunguliwa ili jamaa zake wapate haki yao, lilikuwa na jina moja tu, la mama mzazi, ambaye alikuwa amekwisha kufariki zamani. Mke alikuja kutoka kwao, na watoto. Baada ya siku mbili akaja mwanamke wa pili kutoka kituo cha zamani, na mtoto mmoja, mwenye uso wa marehemu usiohitaji cheti. Wote wakakaa katika baraza ya afisi. Karani aliyekuwa mezani hakuwa na la kufanya, maana hakuna alichoandikiwa. Ilichukua muda mrefu mno mambo yakakatwa, na yalipokatwa yule mtoto wa pili hakupata kitu. Sisi tulikuwako. Tangu siku ile tumeogopa jalada safi.

Ndiyo sababu tumeleta habari za Luteni Clark mbele ya chama. Tumezoea katika mikutano yetu kuiambia serikali inavyotupasa kutendewa: nyumba za kukaa na jamaa, likizo ya kutosha, nauli ya mke na watoto. Hayo ni madai ya haki, wala tusiyaache. Clark mwenyewe ni shahidi wetu, maana kama maafisa wa safari ile wangaliruhusiwa kwenda na jamaa zao, huenda historia yake isingalikuwa hivi. Mwenye kumpeleka mtumishi mbali na nyumba yake ana sehemu yake katika yale yatokeayo.

Lakini sehemu ya pili ni yetu, wala haingoji idhini ya mtu. Twaomba kila mwanachama, akirudi nyumbani usiku huu, achukue karatasi moja. Aandike mkewe. Aandike watoto wake wote, walio karibu na walio mbali, na mama zao, na mahali wanapokaa. Asimwache mtoto ye yote kwa aibu, kwa kuwa aibu ni ya mkubwa na njaa ni ya mdogo. Kisha aitie saini, aitie katika jalada lake, na nakala ampe mtu anayemwamini. Ni kazi ya robo saa. Luteni Clark alikuwa na wino na karatasi na saa nyingi za kukaa kisiwani, na kazi hiyo ikamshinda.

Tukumbuke mwisho kwamba aliyemshinda katika habari hii hakuwa jemadari wala gavana. Alikuwa Dourrawan, aliyesimama ukingoni mwa mto pamoja na mwanawe, nchi yake imetwaliwa, watu wake wamekufa kwa ndui, mbele yake watu wenye bunduki. Alionyeshwa kofia aliyoitamani sana, akaitazama, akakataa. Hakujua kuandika, lakini hesabu ya jamaa yake ilikuwa kamili.